Krapf: Mmisionari aliyekiandika Kiswahili cha Mombasa kama alivyokisikia

UBISHI wa kutamka 'ndia' au 'njia', 'mtele' au 'mchele', 'nti' au 'nchi', haukuanza jana. Miongoni mwa watu wa kwanza kuuvalia njuga kwa kalamu na karatasi ni Mjerumani, Dakta Johann Ludwig Krapf, ambaye hakujaliwa kuiona kamusi yake ikichapishwa.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, karibu na mji wa Tübingen. Alianza umisionari Ethiopia, na aliposhindwa kuendelea na kazi huko alielekea pwani ya Afrika Mashariki. Mapema mwaka 1844 alifika Unguja, akapokewa na Sayyid Said, kisha akahamia Mombasa.

Mwezi Juni mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Julai homa ilimuua mkewe, Rosine, na baada ya siku chache mtoto wao mchanga akafuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Wengi wangepanda jahazi na kurudi kwao. Yeye alibaki, akaendelea kukusanya maneno, na baadaye akahamia Rabai pamoja na mwenzake, Johannes Rebmann. Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1850.

Hakukuwa na baraza wala shule ya kumwambia lipi ni sanifu. Kipimo chake kilikuwa vinywa vya wenyeji, na wenyeji wake walikuwa watu wa Mombasa. Sikio la mgeni lina mipaka yake, na wataalamu wamekosoa mengi katika kazi hiyo. Hata hivyo, Kimvita kilipata shahidi wa maandishi mapema kuliko lahaja nyingi za pwani.

Afya ilimrudisha Ulaya mwaka 1853. Alifariki dunia Korntal, Ujerumani, Novemba 1881. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka uliofuata.

Wakati huo upepo ulikuwa umeanza kugeuka. Askofu Edward Steere alikuwa amefanya kazi yake Unguja, na A. C. Madan akafuata nyayo hizo kwa kamusi ya mwaka 1903. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa, tena nyumbani kwa Kimvita, uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, licha ya upinzani wa wamisionari waliokuwa wakitumia Kimvita. Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930, na kamusi sanifu ya Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939.

Huenda uamuzi huo ulirahisisha uchapaji wa vitabu vya shule, lakini maneno ya mji mzima yaligeuka kuwa lahaja kwa siku moja. Katika Mji wa Kale watu bado wanashika 'ndia' na kununua 'mtele'. Mwanafunzi anayeyaandika hivyo katika insha hukatwa alama.