Maisha ya Dan Crawford wa Luanza

Ukisimama ufukoni hapa Puta asubuhi na mapema, kabla upepo haujaanza kulichafua ziwa, utaitazama nchi ya Kongo upande wa magharibi. Huko ng'ambo, mahali palipoinuka juu ya maji ya Mweru, pana Luanza. Hapo ndipo alipoishi Dan Crawford, na hapo ndipo alipofia. Nimeona vema niwaandikie wenzangu habari zake, kwa sababu maisha yake yanagusa swali linalotukosesha usingizi bwenini: Wakristo wa kwanza waliabudu namna gani, na mbona leo tuna madhehebu mengi hivi?

Crawford alizaliwa mwaka 1870 katika mji wa Gourock, Scotland, penye mlango wa mto Clyde. Baba yake alikuwa mtu wa vyombo vya majini, akafa mwanawe angali mdogo. Mwaka 1887, akiwa angali kijana, Dan aliokoka, akajiunga na Wakristo waitwao Ndugu, ambao watu wengine huwataja kwa jina la mji wa Plymouth.

Yafaa kwanza tuwajue Ndugu hao. Walianza mjini Dublin, Ireland, katika miaka ya baada ya 1820. Waliona ya kuwa makanisa ya wakati ule yamegawanyika kwa majina, vyeo na mapokeo ambayo wao hawakuyaona katika Agano Jipya. Kwa hiyo walikata shauri kurudi kwenye Maandiko peke yake. Walikutana kila Jumapili kuumega mkate, bila padre aliyewekewa mikono. Mtu yeyote kati ya wanaume waliokuwapo aliweza kuomba au kufundisha. Wengi wao waliwabatiza watu wazima waliokwisha kuamini, kwa kuwazamisha majini. Wamisionari wao hawakuahidiwa mshahara, bali walingoja walichopewa na waumini. Tena walikataa jina la dhehebu, wakasema wao ni Wakristo tu, kama walivyoitwa wanafunzi kule Antiokia zamani.

Mwaka 1889 Crawford alisafiri pamoja na Frederick Stanley Arnot, ambaye alikuwa amekwisha kufika Katanga mwaka 1886. Walipitia pwani ya magharibi, Benguela, na mwaka 1890 Crawford akawasili Bunkeya, mji mkuu wa Mfalme Msiri. Msiri asili yake ilikuwa Unyamwezi, na misafara ya Waswahili ilifika kwake kununua pembe na watumwa. Crawford aliona pale nguvu ya mfalme, aliona na mateso ya watumwa.

Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Ufalme wake ukavunjika. Wako wanahistoria wanaowalaumu wamisionari wale, wakisema kukaa kwao Bunkeya kulimrahisishia Leopold njia ya kuitwaa Katanga. Tusiifiche lawama hiyo. Lakini tukumbuke pia ya kuwa njaa ilipoingia na watu kutawanyika, wengi walimfuata Crawford. Alihamia upande wa ziwa letu, na baada ya muda akajenga mji wa Luanza. Watu wa kabila mbalimbali, na wengi waliokuwa mateka, wakakaa naye. Kwa sababu hiyo wakamwita Konga Vantu, maana yake mkusanya watu.

Mwaka 1896 alimwoa Bibi Grace Tilsley huko Blantyre, nao wakafanya kazi pamoja Luanza. Walifungua shule, wakatembelea vijiji. Crawford hakurudi kwao hata ilipofika mwaka 1911, yaani baada ya miaka 22. Mwaka 1912 kilitoka kitabu chake kilichompa sifa kubwa Ulaya, nacho kilisisitiza kwamba mgeni hana budi kujifunza kufikiri kama wenyeji. Akarudi ziwani mwaka 1915.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa kuyatafsiri Maandiko katika lugha ya Kiluba cha Wasanga. Alianza na Agano Jipya, kisha akaendelea na Agano la Kale, na kabla ya kufa kwake Biblia nzima ilikuwa imekwisha.

Basi, tulitazame swali letu. Je, Crawford na Ndugu zake waliurudia kweli Ukristo wa kwanza? Katika mambo mengi walikuwa na hoja. Kitabu cha Matendo kinatuonyesha waumini wakidumu katika mafundisho ya mitume, katika ushirika, katika kuumega mkate na katika sala. Paulo aliwakemea Wakorintho waliojigawanya kwa majina ya walimu wao. Lakini ziko pia habari zilizo upande wa pili. Mwaka 1883 kilichapishwa kitabu cha kale sana kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume, baada ya kugunduliwa Konstantinopoli miaka kumi kabla yake. Kitabu hicho kinaagiza ubatizo katika maji yanayotiririka, ila kinaruhusu kumimina maji kichwani kama maji ni haba. Kinaagiza pia waumini wajichagulie maaskofu na mashemasi. Naye Yustino, aliyeandika Roma yapata mwaka 150, anaeleza ibada ya Jumapili yenye kusoma Maandiko, mahubiri, sala na mkate, ikiongozwa na msimamizi mmoja. Kwa hiyo Mkatoliki ataona humo kitu chake, naye Ndugu ataona kitu chake. Hakuna anayeweza kusema kwamba kanisa la kwanza lilifanana na lake katika kila jambo.

Hata wale waliokataa majina hawakuweza kuyakimbia. Ndugu wenyewe walifarakana mwaka 1848, wakawa mafungu mawili. Huko Kongo kazi yao ilikuja kujulikana kwa jina la Garenganze, jina la nchi ya Msiri, na mpaka leo ni jumuiya mojawapo kati ya nyingi. Aliyetaka kuondoa ua akajikuta naye ana ua.

Jambo hili si la vitabuni tu. Kijijini kwetu alifariki bibi yangu, na watoto wake walikuwa wa makanisa mawili. Walibishana nani aongoze maziko, hata jua likapinda na maiti ingali ndani. Mimi nilikaa nje na wajukuu wenzangu, nikaona haya. Wote wawili walishika Biblia mkononi, na kila mmoja alidai kwamba kanisa lake ndilo la mitume. Hakuna aliyekumbuka kwamba bibi mwenyewe aliwapikia wote bila kuuliza madhehebu.

Mwishoni mwa Mei 1926 Crawford aliugonga mkono wake kwenye rafu iliyokuwa juu ya kitanda chake. Jeraha lilikuwa dogo, lakini likaoza na sumu ikaenea mwilini. Alikufa tarehe 3 Juni 1926, akiwa na umri wa miaka 55.

Alituachia nini? Kwa maoni yangu, hakutuachia kanisa lisilo na jina, maana hilo lilimshinda. Alichoacha ni Maandiko katika lugha ambayo mama wa kijijini aliweza kuyasikia na kuyapima mwenyewe. Mwenye kuyasoma aweza kumpima padre, mchungaji, mzee wa kanisa, na Crawford naye. Nadhani hiyo ndiyo zawadi impasayo mwalimu, kumpa mwanafunzi kipimo ambacho hata yeye mwalimu atapimwa kwacho.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wenzangu, tunapobishana bwenini usiku juu ya majina yaliyoandikwa milangoni, tukumbuke kuuliza pia ndani mnakaaje.