Mtume Paulo: namna mtesaji wa wakristo alipokelewa na wale aliowatesa

Kila mwaka, tarehe 25 mwezi wa kwanza, Kanisa Katoliki na makanisa mengine wanakumbuka siku ambayo Sauli wa Tarso aligeuka. Barua zake zinasomwa karibu kila siku ya Mungu katika makanisa ya Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Uvira. Wakaaji wengi wanajua habari ya mwangaza kwenye njia ya Damasko. Lakini wachache njo wanajua mambo yaliyofuata, juu ile kazi ya kumpokea mtu aliyekuwa anawinda waamini haikukuwa mchezo.

Mtoto wa Tarso

Sauli alizaliwa Tarso, mji wa Kilikia, katika inchi ambayo leo inaitwa Uturuki. Alikuwa Myahudi wa kabila la Benyamini, tena Farisayo, ni kusema mtu wa kundi lililoshika sheria ya Musa kwa nguvu sana. Alisoma Yerusalemu kwa mwalimu Gamalieli aliyekuwa na heshima kubwa. Alikuwa pia raia wa Roma tangu kuzaliwa, na hiyo haki ilimusaidia mara mingi mbele ya wakubwa wa serikali. Tena alikuwa na kazi ya mikono: kutengeneza mahema.

Wengi wanasema jina Paulo alilipata siku ya kugeuka. Sivyo Biblia inaeleza. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaendelea kumwita Sauli hata kisha Damasko, na kinataja jina Paulo mara ya kwanza wakati akiwa kwenye kisiwa cha Kipro. Alikuwa tu na majina mawili, moja la Kiyahudi, lingine la Kiroma, sawa vile watu wengi wa wakati ule.

Nguo kwenye miguu yake

Mara ya kwanza anaonekana ni siku ya kifo cha Stefano. Watu walipomtupia Stefano mawe mpaka akakufa, mashahidi waliweka nguo zao kwenye miguu ya kijana Sauli. Hakutupa jiwe, lakini alikubali ile mauaji. Kisha akaanza kuingia nyumba kwa nyumba, kukokota wanaume na wanawake na kuwatia gerezani. Alikuwa anaona anatumikia Mungu.

Yerusalemu haikumutosha. Akaomba kuhani mkubwa amupatie barua za kwenda Damasko, zaidi ya kilometa 200, ili akamate wafuasi wa Yesu huko na kuwarudisha wakiwa wamefungwa. Wachunguzi wengi wanaweka safari ile kati ya mwaka wa 31 na 36.

Masiku tatu bila kuona

Matendo ya Mitume inaeleza safari hii mara tatu, na mambo madogo madogo yanaachana: fasi moja inasema wenzake walisikia sauti, fasi ingine inasema hawakuielewa. Lakini mambo makubwa ni yale yale. Saa sita ya muchana, karibu na mji, mwangaza mkali ulimuzunguka akaanguka chini. Sauti ikamuuliza kwa nini anamutesa, na aliyekuwa anasema alikuwa Yesu. Farasi ambaye tunamuona kwenye picha nyingi hayuko katika Biblia. Ni wachoraji walimuongeza.

Alipoamuka hakukuwa anaona. Wenzake walimushika mkono wakamuingiza Damasko, na masiku tatu hakukula wala kunywa.

Hapo anaingia mwanafunzi mmoja, Anania. Katika maono aliambiwa aende kwenye njia inayoitwa Nyofu, nyumba ya Yuda, amuombee Sauli. Anania aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa: habari ya yale Sauli alifanya Yerusalemu ilikuwa imefika, na barua za kukamata watu zilikuwa kwake. Hata hivyo akaenda, akamuwekea mikono na kumwita ndugu. Sauli akaona tena, akabatizwa, akakula.

Aliyejitoa kuwa mdhamini

Alipoanza kuhubiri Yesu katika masinagogi ya Damasko, watu walishangaa, wengine wakapanga kumuua. Waamini wakamushusha usiku ndani ya kitunga kupitia ukuta wa mji. Yeye mwenyewe, katika barua kwa Wagalatia, anaeleza kwamba alipitia pia Arabia, na kwamba alipanda Yerusalemu kisha miaka tatu tu.

Kule wanafunzi walimukimbia. Waliona labda ni mtego. Njo Barnaba akamushika, akamupeleka kwa mitume na kuwaeleza yaliyotokea njiani. Paulo anasema alikaa kwa Petro siku 15. Baadaye alirudishwa Tarso, akakaa huko miaka mingi, mpaka Barnaba tena alienda kumutafuta ili wafanye kazi pamoja Antiokia. Ni katika mji huo wanafunzi waliitwa wakristo mara ya kwanza.

Kuanzia hapo alizunguka Kipro, Asia Ndogo, Makedonia na Ugriki. Kule Listra yeye mwenyewe alitupiwa mawe, wakamuacha wakizani amekufa. Filipi alipigwa fimbo na kufungwa pamoja na Sila. Korinto alikaa mwaka moja na nusu, akishona mahema pamoja na Akila na Priska ili asilemeze watu. Liwali Galio alimuachilia huko. Jiwe lenye maandishi lililopatikana Delphi linaonyesha Galio alikuwa kwenye kazi karibu mwaka wa 51, na hiyo inasaidia kupanga miaka ya maisha ya Paulo.

Alikuwa pia mtu wa kugombana. Kule Antiokia alimukemea Petro mbele ya wote, juu aliacha kukula na waamini wasiokuwa Wayahudi. Hata na Barnaba, aliyemusimamia, waliachana kwa sababu ya Marko.

Mwisho Roma

Akiwa Yerusalemu kwa kuleta muchango wa kusaidia maskini, alikamatwa hekaluni. Alikaa miaka mbili gerezani Kaisaria, kisha akaomba haki kwa Kaisari. Mashua iliyobeba watu 276, yeye akiwa kati yao, ilivunjika Malta, lakini wote wakapona. Roma alikaa miaka mbili akilindwa na askari, katika nyumba aliyolipia mwenyewe. Matendo ya Mitume inaishia hapo. Mapokeo ya Kanisa yanasema alikatwa kichwa wakati wa Kaisari Nero, kati ya mwaka wa 64 na 67. Kaburi lake linaheshimiwa kwenye basilika ya Mtakatifu Paulo, inje ya kuta za Roma.

Kati ya vitabu 27 vya Agano Jipya, barua 13 zina jina lake. Katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, zaidi ya miaka 15 kisha Damasko, alikuwa angali anasema hastahili kuitwa mtume, juu alitesa Kanisa. Kusamehewa alisamehewa, lakini hakuficha yale aliyofanya.