James Smithson na Mawe Yake

Safari hii tunamkumbuka James Smithson, mwanakemia wa Uingereza. Alizaliwa Paris yapata mwaka 1765. Baba yake, Hugh Percy, alikuwa mtu wa cheo kikubwa, lakini hakumwoa mama yake. Kwa hiyo mtoto hakurithi cheo, na ujanani aliitwa James Macie. Mwaka 1786 alihitimu Pembroke College, Oxford, na mwaka uliofuata aliingizwa katika Royal Society ya London.

Kazi aliyoipenda ilikuwa kukusanya madini. Alizunguka Ulaya miaka mingi akitafuta vipande vizuri, wala hakuviweka kwa kutazamwa tu. Alisafiri na vyombo vidogo vya maabara, na kwa chembe ndogo aliweza kupima jiwe lina nini.

Kazi yake kubwa ilihusu kalamini, mawe yatoayo zinki. Wachimbaji waliyaita yote kwa jina moja. Smithson alipima vipande kutoka migodi ya Bleiberg huko Austria, Somerset na Derbyshire huko Uingereza, na Rézbánya, ambako leo ni Romania. Mwaka 1803 alichapisha matokeo: mengine yalikuwa kabonati ya zinki, mengine yalikuwa na silika. Mwaka 1832 kabonati hiyo iliitwa smithsonaiti kwa heshima yake.

Alifariki Genoa mwaka 1829. Mali yake ilimwendea mtoto wa ndugu yake, na huyo alipofariki bila mrithi, ikaenda Marekani, nchi ambayo Smithson hakuikanyaga kamwe. Ndiyo iliyoanzisha Smithsonian Institution mjini Washington mwaka 1846.

Mawe yake, maelfu kadhaa, yalihifadhiwa humo. Tarehe 24 Januari 1865 moto ulizuka darini, kwa kuwa bomba la jiko lilikuwa limeingizwa katika uwazi wa ukuta badala ya dohani. Mawe yakapotea, pamoja na karatasi zake nyingi ambazo hazikuchapishwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kalamini za Smithson zilipotea, lakini habari zake tunazo, kwa sababu aliandika zilitoka wapi na zina nini, akachapisha. Yaliyobaki sandukuni yaliteketea. Basi ninyi wanafunzi mnaokusanya mawe, majani au wadudu kwa ajili ya maabara yetu, andikeni mlikovipata kabla ya kuvifungia kabatini.