Rebecca Gratz, Katibu wa Miaka Arobaini



Katika kila jumuiya ya waumini zipo kazi ambazo watu huzigombea, na zipo nyingine ambazo zikitajwa tu mkutanoni, kila mtu huinamisha kichwa. Ukatibu ni mojawapo ya hizo za pili. Mwenyekiti huonekana na msemaji hupigiwa makofi, lakini katibu hubaki nyuma na daftari lake, akiandika majina na barua baada ya wengine kwenda nyumbani. Mara hii tumeona vema tusimulie maisha ya mwanamke mmoja Myahudi wa Marekani, Bibi Rebecca Gratz, ambaye kwa kalamu ya ukatibu aliutia nguvu mkutano wa watu wake.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1781 katika jimbo la Pennsylvania. Baba yake, Michael Gratz, alikuwa mfanyabiashara aliyehamia Marekani kutoka Ulaya, na mama yake, Miriam, alikuwa binti wa mfanyabiashara pia. Jamaa hii kubwa ilikaa katika mji wa Philadelphia na kusali katika sinagogi iitwayo Mikveh Israel, maana yake Tumaini la Israeli. Kwa desturi ya siku zile wanawake waliketi juu, mbali na wanaume, nao hawakuwa na kura wala cheo katika uongozi wa sinagogi. Tukumbuke jambo hilo katika yote yanayofuata, kwa kuwa mengi ambayo Rebecca aliyatenda kwa ajili ya mkutano wake, aliyatenda bila kupewa kiti mezani.

Mwaka 1801, akiwa na umri wa miaka 20, yeye na mama yake walijiunga na wanawake wengine wa mji, Wayahudi na Wakristo pamoja, wakaanzisha chama cha kuwasaidia wanawake na watoto walioangukiwa na umaskini. Rebecca akafanywa katibu. Mwaka 1815 alikuwa miongoni mwa waliofungua nyumba ya yatima ya Philadelphia, na mwaka 1819 akawa katibu wake. Mwaka 1822 moto uliteketeza nyumba ile, na watoto 23 wakafa. Msiba wa namna hii ungeweza kabisa kuwavunja moyo watu wanaofanya kazi bila mshahara. Lakini wale mama hawakuacha. Nyumba ilijengwa upya, na Rebecca akaendelea na ukatibu wake kwa muda wa miaka 40 hivi.

Katika kazi hizo aliona jambo lililomsumbua. Vyama vingi vya huruma vya siku zile viliongozwa na Wakristo, na baadhi yao walitoa mkate kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakamvuta maskini aache dini ya baba zake. Neno hili si tamu masikioni mwetu Wakristo, lakini ni kweli na yafaa lisemwe. Mjane wa Kiyahudi mwenye njaa alikuwa na njia mbili tu: kukaa na njaa yake, au kula huku akisukumwa. Rebecca hakupoteza muda kwa kulalamika. Mwaka 1819 aliwakusanya wanawake wa Mikveh Israel, wakaanzisha chama chao cha kuwasaidia wanawake maskini wa Kiyahudi na watoto wao. Waligawa chakula, kuni na mahali pa kulala, na baadaye wakawasaidia watu kupata kazi. Hiki kilikuwa chama cha kwanza cha namna yake katika Marekani, kikiongozwa na wanawake wa Kiyahudi wenyewe, nje ya mamlaka ya sinagogi. Katibu wake, kwa karibu miaka 40 tena, alikuwa Rebecca.

Wala asidhani mtu kwamba alikuwa na nafasi nyingi kwa sababu hakuolewa. Baba yake alipougua, ni yeye aliyemwuguza. Mdogo wake Rachel alipofariki mwaka 1823 na kuacha watoto, Rebecca aliwachukua akawalea kama wa kuwazaa mwenyewe.

Sasa twafika kwenye kazi iliyo kubwa kuliko zote. Watoto wa Kiyahudi wenye uwezo walifundishwa dini nyumbani na walimu wa kulipwa, lakini wa maskini walikua bila kujua Maandiko ya watu wao. Mwaka 1818 Rebecca alijaribu kuwakusanya watoto wa jamaa yake wafundishwe Kiebrania, lakini darasa lile halikudumu. Ilipita miaka 20 kabla hajajaribu tena. Safari hii aliangalia namna majirani zake Wakristo walivyofanya. Mwaka 1780, huko Gloucester, Uingereza, Robert Raikes, Mwanglikana asiye padre, alikuwa ameanza madarasa ya Jumapili kwa watoto waliofanya kazi siku sita za juma. Mpango huo ulikuwa umeenea Marekani. Rebecca aliona kwamba Jumapili maduka na shule hufungwa, na kwa Wayahudi si siku ya ibada, kwa maana Sabato yao ni Jumamosi. Basi watoto wapo, na walimu wana nafasi.

Tarehe 4 Machi 1838, siku alipotimiza miaka 57, Shule ya Jumapili ya Kiebrania ilifunguliwa, ikiwa na watoto zaidi ya 50, wavulana na wasichana pamoja, bila ada. Walimu wote walikuwa wanawake wa kujitolea. Katika Uyahudi wa siku zile mafundisho ya dini yalikuwa mikononi mwa wanaume. Kwa hiyo msichana aliyesimama mbele ya darasa na Biblia mkononi lilikuwa jambo geni.

Vitabu havikuwepo. Umoja wa Shule za Jumapili wa Wakristo uliwapa vyao, lakini ndani yake mlikuwa na mafundisho ya Kikristo. Walimu wakakaa na gundi na vipande vya karatasi, wakafunika kila mahali pasipowafaa, kisha wakafundisha. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twalielewa jambo hili bila kuelezwa: mwalimu wa kweli hasubiri vifaa kamili. Baadaye walijiandikia vyao. Isaac Leeser, mwongoza sala wa Mikveh Israel, alitoa kitabu cha maswali na majibu mwaka 1839, na mwalimu mmojawapo, Simha Peixotto, akaandika chake. Wanawake wa mji wa Charleston nao wakafungua shule kama hiyo, Rebecca akiwapelekea masomo. Na wanafunzi wa kike wa Philadelphia walipokua, wengine wao walirudi darasani kuwa walimu.

Wayahudi maskini walizidi kuhamia Marekani kutoka Ulaya, na yatima wakaongezeka. Mwaka 1855, Rebecca akiwa na miaka 74, nyumba ya kuwalea watoto wa Kiyahudi ilifunguliwa baada ya yeye kuihimiza kwa muda mrefu. Uongozi wa Shule ya Jumapili aliuachia mwaka 1864, akiwa na miaka 83. Alifariki tarehe 27 Agosti 1869, akazikwa katika makaburi ya Mikveh Israel.

Shule yake iliendelea kwa zaidi ya karne moja, na maelfu ya watoto walipita humo. Ndugu yake Hyman aliacha mali ambayo kwayo Chuo cha Gratz kilianzishwa mwaka 1895, ili kuwaandaa walimu wa shule za Kiyahudi. Na kile chama cha wanawake cha mwaka 1819 kingali hai hata leo.

Wapendwa, tukiyatazama maisha haya hatuoni muujiza wala jambo la kushangaza kwa siku moja. Twaona mtu aliyekuwapo kila mkutano ulipoitwa, aliyeandika barua iliyotakiwa kuandikwa, na ambaye darasa lake liliposhindwa, alianza tena. Mikveh Israel haikumpa kura, lakini watoto wake walijua Maandiko kwa ajili yake. Haba na haba hujaza kibaba. Basi safari nyingine, katibu au mwalimu wa watoto atakapotafutwa na sisi sote kutazama chini, na tumkumbuke Bibi Rebecca, na mmoja wetu ainue mkono.