Ernest Stanley Salmon

Ernest Stanley Salmon (1871 – 1959) alikuwa mtaalamu wa kuvu na wa uzalishaji wa mimea kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa kuzalisha aina mpya za hopi, mmea unaopanda juu ya nguzo ambao maua yake hutiwa katika bia ili kuipa uchungu na harufu.

Maisha

Mwaka 1900 Salmon alitoa kitabu kuhusu kuvu zinazosababisha ubwiri unga, ugonjwa unaoshambulia pia hopi. Mwaka 1906 alijiunga na chuo cha kilimo cha Wye huko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, akafanya utafiti huko kwa miaka mingi.

Kazi

Wakati ule wakulima wa Kent walipanda hasa Golding na Fuggle, aina za jadi zinazopendwa kwa harufu yake ya upole. Kwa kuwa utomvu wake mchungu ni kidogo, viwanda vya bia viliagiza pia hopi kutoka Marekani, ingawa harufu yake kali haikupendwa na Waingereza. Salmon alikusudia kuunganisha uchungu wa hopi za Marekani na harufu ya zile za Kiingereza katika mmea mmoja.

Mwaka 1916 alipokea kipande cha hopi mwitu kutoka Morden, jimbo la Manitoba, nchini Kanada. Kilipandwa Wye, kikawa mmea wa kike, ukachavushwa na hopi dume za Kiingereza zilizokuwa jirani. Mwaka 1918 Salmon alikusanya mbegu zake. Majira ya baridi yaliyofuata mmea mama ulikufa, lakini mbegu zilikuwa zimeshapatikana. Kutokana nazo alipata Brewer's Gold, iliyotolewa mwaka 1934, na Bullion.

Aina hizo zilikuwa na uchungu mwingi, lakini zilirithi pia harufu ya mama yao, na watengenezaji wengi wa bia hawakuipenda. Salmon hakukata tamaa. Baadaye alizalisha Northern Brewer, ambayo mama yake ni Golding ya Canterbury.

Urithi

Brewer's Gold imo katika ukoo wa hopi nyingi za Marekani, zikiwemo Nugget, Galena na Centennial. Hata hivyo, Golding na Fuggle hazikutoweka. Hadi leo wanaotengeneza bia ya Kiingereza nyumbani huweza kutia hopi chungu mwanzoni mwa kuchemsha, kisha Golding karibu na mwisho, ili harufu yake isipotee pamoja na mvuke.