Tingatinga: mchuuzi wa mboga ambaye jina lake liliingia kwenye katuni

Mtoto wa Cyanzarwe, wilayani Rubavu, anayeachiwa simu wakati mama ameshuka Gisenyi ili avuke na mboga kwenda Goma, mara nyingi hukutana kwanza na binti mfalme aliyelala, akingoja mwanamume aje kumwamsha. Akizidi kutafuta, huenda akaangukia katuni za namna nyingine: tembo, kiboko na nyoka wenye rangi kali na madoadoa mwili mzima, wakieleza jinsi walivyopata maumbile waliyo nayo. Katuni hizo zinaitwa Tinga Tinga Tales. Msemaji wa Kiswahili akisikia jina hilo huenda akafikiria mtambo wa kuchimba barabara. Kumbe ni jina la mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, kusini mwa Tanzania, mama yake akiwa Mmakua. Shule aliisoma kidogo tu. Kama vijana wengi wa kusini wakati ule, aliondoka kwao kufuata vibarua vya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Huko alitunza bustani na kufanya kazi za nyumbani kwa Mwingereza mmoja, na baadaye akaishi kwa kuunganisha vijikazi, kimoja kikiwa kuuza matunda na mboga.

Alianza kuchora kwa ajili ya kuuza mwaka 1968 hivi, na hapa ndipo maisha yake yanapowagusa watu wa mpakani. Simulizi iliyozoeleka Dar es Salaam ni kwamba aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikinunuliwa na wageni mjini, akahesabu kuwa hata yeye anaweza. Mtaji wake haukuwa mkubwa: vipande vya mbao za kupigia dari na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Alichora mnyama mmoja mkubwa katikati, nyuma akaweka rangi moja au mbili, basi. Mkewe, Agatha, alizipanga picha nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay, walikopita wazungu wa ubalozini na wa mashirika. Wateja wakaongezeka. Akawaita jamaa na vijana wa kwao, wakiwemo Ajaba Abdallah Mtalia na January Linda, akawafundisha. Baadaye shirika la umma lililokuwa likiuza sanaa likaanza kununua kazi zake, naye alikuwa pia amepata kazi ya msaidizi wa wauguzi katika Hospitali ya Muhimbili.

Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 40 hivi, alipigwa risasi na polisi usiku jijini Dar es Salaam. Walidhani gari alilokuwamo ni la wahalifu wanaotoroka. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Vijana wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaandikisha chama cha ushirika kwa jina lake. Miaka 20 baadaye, mwaka 2010, kituo cha watoto cha BBC kilianza kuonyesha Tinga Tinga Tales, mfululizo wa vipindi 52 vya dakika kumi na moja hivi. Kampuni ya Kiingereza Tiger Aspect iliuongoza, vijana wa studio ya Homeboyz mjini Nairobi wakauchora, na muziki akautunga Mkenya Eric Wainaina. Mtindo wa Mtanzania, kazi ya Nairobi, fedha za London.

Hadithi zenyewe hazikutoka kwake. Tingatinga alichora wanyama, hakuandika ngano. Lakini watengenezaji walipochukua mkono wake waliupa ngano zinazofanana na zile ambazo bibi zetu husimulia: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini nyoka hana miguu, kwa nini kiboko hana nywele. Ujumbe wake ni tofauti na ule wa binti aliyelala. Katika ngano hizi aliyejivuna au kumdanganya jirani hubeba alama ya tendo lake mwilini, na bado kesho yake anarudi kunywa maji kwenye ziwa lilelile na aliowakosea. Hafukuzwi, hauawi. Kwa watu wanaokutana na majirani walewale mpakani kila siku, wenye madeni na ugomvi wa jana, hilo ni funzo lenye manufaa kuliko harusi ya kifalme.

Kuna upungufu, na unatokana na soko lilelile la Oyster Bay. Mteja wa kigeni alitaka Afrika ya wanyama, naye Tingatinga, kama muuzaji yeyote mwenye akili, alimpa anachotaka. Katuni zikarithi agizo hilo. Katika ulimwengu wake hakuna soko, hakuna mpaka, wala mama mwenye kapu. Mtoto wa Cyanzarwe anajifunza tabia njema kutoka kwa kiboko, lakini kazi inayomlipia ada haioni popote.

Wanafunzi wa Tingatinga, kwa upande wao, walikwisha kuichora. Kwenye mabanda ya ushirika, palepale Oyster Bay, karibu na simba na twiga huning'inizwa picha za vijiji, hospitali na masoko, zenye watu wengi waliobanana, wanaopimiana nafaka na kubishana bei.