EDWARD, ALIYEKETI KUFUNDISHWA



Katika mitaa yetu ya Kariakoo, Gerezani na Ilala jina la Edward si geni. Limezoea vinywa vyetu hata likawa Edwadi, na kwa watoto Edi. Lakini ukimwuliza mzazi sababu ya kulichagua, mara nyingi atakujibu kuwa ni jina la babu, au kwamba lilimpendeza tu. Hilo si kosa. Ila mtoto akikua naye akauliza, ni vema awepo mtu wa kusimuliwa. Na mtu huyo hakuwa mbali nasi, alikuwa hapo ng'ambo ya maji, Unguja.

Liko na swali la pili, ambalo tumelisikia zaidi ya mara moja watu wakitoka kanisani. Vijana huuliza: mbona maneno ya ibada yetu ni yale yale wanayoyasema majirani zetu waendao msikitini? Sala, ibada, imani, dhambi, rehema, baraka, madhabahu, hata jina la Injili. Wengine hudhani tuliyaazima kwa kukosa ya kwetu, na wako wanaotaka yaondolewe, yatafutwe mengine yaliyo ya Kikristo zaidi. Sisi tuliofundisha sarufi kwa miaka mingi twaona kuwa swali hili na lile la jina yajibiwe pamoja, kwa maisha ya mtu mmoja.

Kwanza jina lenyewe. Edward ni jina la Kiingereza cha kale, nalo limeunganishwa na maneno mawili: la kwanza ni mali au heri, la pili ni mlinzi. Basi Edward ni mlinzi wa mali. Wafalme wengi wa Uingereza wameitwa hivyo. Mmoja alitawala tangu 1042 hata alipokufa Januari 1066, na Kanisa humkumbuka kama mtakatifu. Ndiye aliyejenga kanisa la Westminster kule London. Mwingine, Edward wa Sita, alipewa ufalme mwaka 1547 akiwa mtoto wa miaka 9, akafa 1553 kabla hajatimiza 16. Wakubwa ndio waliotawala kwa jina lake, lakini katika siku zake, mwaka 1549, kilitoka Kitabu cha Sala cha kwanza kwa lugha ambayo watu wa kawaida wa Uingereza waliielewa, badala ya Kilatini. Mambo hayo mawili, kanisa la Westminster na Kitabu cha Sala, tutayakuta tena.

Hapa kwetu nchini, Edward wa kukumbukwa zaidi ni Ndugu Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu wetu mara mbili. Wazee wa Kariakoo hawajasahau mwaka 1983 na ile vita dhidi ya wahujumu uchumi, jinsi maduka yalivyokaguliwa na bidhaa zilivyofichuka mahali pasipotazamiwa. Alikufa kwa ajali ya gari karibu na Morogoro tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kuja Dar es Salaam, na barabara ya ukingoni mwa bandari yetu ina jina lake. Huyo anastahili makala yake peke yake.

Edward wetu wa leo ni Edward Steere. Alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London, akafika mpaka shahada ya udaktari, na mwaka 1850 akaandikishwa kuwa wakili. Angeweza kuishi kwa raha mjini. Badala yake aliiacha sheria, akapewa ushemasi mwaka 1856, akaenda kuhudumu katika vijiji vya mashariki mwa Uingereza, pwani, kwa wavuvi na wakulima. Huko alifanya urafiki na padre jirani, William Tozer. Mwaka 1863 Tozer alipofanywa Askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile tuijuayo kwa jina la UMCA, Steere alikubali kufuatana naye kwa muda mfupi tu. Mke wake alibaki Uingereza. Muda huo mfupi ndio uliokuwa maisha yake yote.

Misheni wakati ule ilikuwa imevunjika moyo. Askofu wa kwanza, Mackenzie, alikuwa amekufa kwa homa mwaka 1862 katika nchi ya mto Shire, na wenzake kadhaa wakafa pia. Tozer alipoiona hali hiyo aliamua kurudi nyuma, wahamie Unguja. Huko Uingereza alilaumiwa sana kwa uamuzi huo, wakasema ni uoga. Walifika Unguja mwaka 1864. Sultani Majid akawapa wavulana wachache waliookolewa katika jahazi la watumwa, na hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Mmoja wao aliitwa Swedi. Alipobatizwa akawa John Swedi, jina la kisimani na jina la Unguja yakikaa pamoja. Na sisi twaona hapakuwa na sababu ya moja kulifukuza jingine.

Sasa tufike kwenye kiini. Steere alikuwa na miaka 36, daktari wa sheria, amekuja kufundisha, na hakujua neno la Kiswahili. Mmisionari mwenzake wa Kijerumani, Ludwig Krapf, alikuwa ameanza kazi ya lugha Mombasa tangu 1844, lakini Kimvita si Kiunguja, na vitabu vya kujifunzia vilikuwa vichache mno. Steere alifanya lile ambalo mwalimu mzima huliona gumu kuliko yote: aliketi akawa mwanafunzi. Walimu wake walikuwa watu wa Unguja, Waislamu, baadhi yao wenye elimu kubwa ya dini yao, na wengine watu wa kawaida waliojua hadithi. Aliuliza, akaandika, akasoma alichoandika mbele yao, akasahihishwa. Wavulana wa shule nao wakawa walimu wake. Misheni ilikuwa na mashine ndogo ya kupigia chapa. Akajifunza kuitumia, akawafundisha wavulana kupanga herufi, na kurasa zikaanza kutoka Unguja kwenyewe.

Tuwatajie baadhi ya kazi hizo. Mwaka 1867 alitoa kijitabu cha Hadithi za Kiingereza, ambamo mna baadhi ya hadithi za Shakespeare, ikiwemo ile ya mfanyabiashara wa Venisi. Wengi wetu hufikiri hadithi hiyo ilikuja kwetu kwa mara ya kwanza na tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Kumbe wavulana wa Unguja waliisoma miaka mia moja kabla. Injili ya Mathayo ilitoka 1869. Mwaka 1870 vikatoka viwili kwa pamoja: kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, na kitabu kikubwa cha hadithi za Waswahili kama zilivyosimuliwa na wenyewe. Zaburi zikafuata 1871. Alikusanya pia mwanzo wa lugha nyingine: Kishambaa, Kiyao, Kinyamwezi, Kimakonde.

Hapa ndipo lilipo jibu la wale vijana. Steere alipotafuta neno la kumtajia Mungu rehema zake, hakulitunga chumbani. Aliwauliza watu wa Unguja wanasemaje wanapomwomba Mungu awahurumie, nao wakamwambia. Maneno hayo yalikuwa tayari yamesemwa pwani hii kwa karne nyingi, wagonjwani, mazikoni, vyomboni baharini. Yalikuwa Kiswahili kabla hayajawa ya kanisa letu. Kuyaondoa leo kwa sababu jirani naye anayasema ni kumwadhibu jirani kwa kutufundisha. Na tufikirie wenyewe: katika Mtaa wa Msimbazi, mwenye duka akimwambia mteja Mungu akubariki, nani atajua kwa neno hilo peke yake kama anakwenda kanisani au msikitini?

Lipo jambo moja linalotusikitisha. Steere mwenyewe katika dibaji za vitabu vyake aliwashukuru Wazanzibari waliomsaidia. Sisi tuliokuja nyuma tumelishika jina la askofu na kuwaacha wao. Katika miaka yote tuliyosimama darasani tumesikia Kiswahili cha Steere kikitajwa mara nyingi, walimu wake mara chache mno. Jina la Edward ni la mlinzi. Mali aliyoilinda ilikuwa na wenyewe.

Tuendelee na maisha yake. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Misheni ikapata kiwanja cha soko hilo pale Mkunazini. Sehemu yake ilitolewa bure na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji. Basi Kanisa Kuu letu la kwanza limesimama kwa amri ya Sultani Mwislamu na kwa ukarimu wa Mhindu. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873. Tozer alikuwa amejiuzulu kwa ugonjwa, na tarehe 24 Agosti 1874 Steere aliwekwa wakfu kuwa Askofu katika Westminster, katika kanisa lile lile lililoanzishwa na mfalme mwenye jina lake.

Ujenzi ulichukua kama miaka saba, naye aliusimamia karibu kila siku. Paa ndilo lililowashangaza watu. Alitaka liwe la mviringo kama pipa lililokatwa, la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, bila boriti hata moja. Wengi walitabiri litaanguka siku mihimili ya kushikilia itakapoondolewa. Halikuanguka.

Wakati huo huo hakukaa mjini tu. Mwaka 1875 alitembea kwa miguu mpaka nchi ya Wayao kwa chifu Mataka. Mwaka 1876 aliwaongoza kutoka Lindi watu zaidi ya 50 waliokuwa watumwa, wake kwa waume, waliotaka kurudi bara. Walipofika Masasi waliiona nchi ni njema, wakaomba wakae, naye akakubali. Hivyo ndivyo Kanisa la Masasi lilivyoanza, ambalo wengi wa washiriki wetu hapa mjini wametoka huko. Mwaka 1879 alimpa John Swedi ushemasi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Miaka 11 baadaye, mwaka 1890, Cecil Majaliwa akawa padre wa kwanza, lakini hiyo Steere hakuijaliwa kuiona.

Alifariki Unguja mwezi Agosti 1882, ana miaka 54, amechoka kabisa. Mwezi uliofuata Wangoni waliivamia Masasi, wakachoma na kuteka. Habari hiyo haikumfikia. Agano Jipya lote lilikuwa limekwisha kutafsiriwa. Wengine waliendelea na Agano la Kale, na Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka 1891. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki walipokutana Mombasa kuchagua Kiswahili cha mashuleni, walichagua Kiunguja. Vitabu vya Steere na vya wanafunzi wake vilikuwa na sehemu kubwa katika uchaguzi huo. Kila mtoto anayefanya mtihani wa Kiswahili leo yumo katika urithi huo, awe wa dini gani.

Kaburi lake liko nyuma ya madhabahu katika Kanisa Kuu la Mkunazini. Anayevuka kwa boti ya asubuhi hufika mapema, na kutoka bandarini mpaka kanisani ni mwendo wa miguu. Akiingia aangalie nguzo za nyuma: waongozaji humwonyesha mgeni zile zilizosimamishwa kichwa chini, na husema mafundi walifanya hivyo Askofu alipokuwa safarini. Kisha atazame juu, kwenye lile paa.